Maisha Yaliyokataa Tarehe

Aliyemwuliza Fatuma binti Baraka alizaliwa lini alijibiwa kwa hesabu ya fedha: wakati wa rupia. Jibu hilo lilizunguka kwenye magazeti, kwenye majalada ya santuri na kwenye matangazo ya matamasha, na kila aliyelipokea alilifasiri apendavyo. Wapo walioandika 1910, wapo waliorudi nyuma hadi mwanzo wa karne, na wapo waliomtangaza kuwa mwimbaji mkongwe kuliko wote duniani, wakawaachia wengine kazi ya kuthibitisha. Dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Alivuta sigara hadharani, alikunywa bia, alipiga ngoma ya msondo iliyofungwa kiunoni, alitoroka waume, alizunguka bara kwa miguu mitupu. Sehemu kubwa ya habari hizi ina shahidi mmoja, naye ni yeye mwenyewe.

Pwani hii imezoea kuandikiwa wanamuziki wake maisha yaliyonyooka. Ya Kidude hayakunyooka, na sababu zake zinarudi nyuma sana, hadi kwa mwimbaji mwingine wa Unguja na karani mmoja wa Tanga.

Rupia na nyuki

Yasiyo na ubishi ni machache. Alizaliwa Mfagimaringo, kijiji cha Unguja, baba yake akiwa mwuza nazi, na watoto nyumbani walikuwa saba. Baada ya hapo inabaki rupia.

Lau angezaliwa Tanga, ushahidi huo ungetosha. Huku kwetu Tanga rupia ilikuwa fedha ya Wajerumani. Waingereza walipoitwaa nchi waliiondoa, na kufikia 1921 watu walikuwa wakihesabu kwa shilingi. Mtu wa Tanga aliyezaliwa wakati wa rupia basi ana mpaka unaojulikana. Unguja mambo yalikuwa mengine. Rupia ya India ilitumika huko miaka mingi, serikali ya Sultani ikatoa noti zake za rupia mwaka 1908, na shilingi haikushika nafasi yake mpaka 1936. Maana yake, mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1935 naye ana haki kamili ya kusema alizaliwa wakati wa rupia. Wakili mzuri asingemruhusu shahidi huyu ashuke kizimbani mapema.

Kuhesabu umri kwa matukio haikuwa ajabu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha wachache, na watu walishika alama za nje: njaa, ndui, liwali fulani, vita. Tanga ilipata alama nzuri kuliko miji mingi. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapo askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakakutana na jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck la watu karibu 1,000, na katika mapigano nyuki wa mizinga iliyotundikwa mitini wakaingia vitani bila kuambiwa wako upande gani. Waingereza wakarudi melini. Mama aliyesema mwanawe alikuwa anatambaa siku ya nyuki hakuhitaji karatasi. Unguja nako kulikuwa na alama yake mwaka huo huo, pale manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza karibu na bandari ya mji. Katika habari zilizoenea za Kidude, hata hivyo, hakuna manowari wala mizinga. Kuna rupia tu.

Siti na karani wa Tanga, 1911–1950

Kidude alipokuwa mtoto, kama tutaikubali hesabu ya 1910, mji wa Unguja ulikuwa unabadilishwa na sauti moja. Mtumwa binti Saad alizaliwa Fumba mnamo 1880, mtoto wa watumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, yaani mama aliyetokana na watu wa huku kwetu, nyuma ya Pangani na Handeni. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi, na inasimuliwa kwamba wateja waliisikia sauti kabla ya kuona chungu. Mwaka 1911 alihamia mjini. Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa 1905, akamfundisha kuimba kwa ala, na Mtumwa akawa Siti.

Taarabu wakati huo ilikuwa starehe ya wakubwa, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, tena akaingiza ndani yake habari za mtaani: hakimu asiyetenda haki, karani mla fedha, mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka. Wimbo wa Kijiti ni wa habari hiyo ya mwisho. Mwaka 1928 kampuni ya HMV iliwapeleka Siti na wenzake Bombay kurekodi, na kufikia 1931 santuri 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Kwa kisiwa ambacho gramafoni ilikuwa kitu cha kuazimana, hiyo si idadi ndogo.

Nyumba ya Siti ilikuwa mtaani Ng'ambo, na usiku watu walikusanyika kumsikiliza. Miongoni mwao, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwemo binti mdogo wa Mfagimaringo. Hakuna aliyemwandikisha darasani. Alisikiliza, akashika, akaimba. Mtu akitaka kukanusha atapata tabu, kwa kuwa nyimbo zilizomtambulisha Kidude hadi uzeeni ni zile zile za zama za Siti, Kijiti ikiwemo, na alizitoa kwa namna ambayo haifundishwi na santuri peke yake.

Karibu na mwisho wa maisha yake Siti alipata bahati ambayo wanamuziki wachache wa Afrika ya wakati ule waliipata: alitembelewa na mwandishi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, kusini ya mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Maisha yake ya kazi yalikuwa ya ofisini, akianza na forodha, kisha idara ya wanyamapori, na kuanzia 1946 ofisi ya wilaya ya Tanga. Alimhoji Siti, naye Siti akafa tarehe 8 Julai 1950. Kitabu kilichotoka, Wasifu wa Siti Binti Saad, kimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari.

Ni kitabu cha heshima, na heshima yenyewe ina kazi yake. Shaaban Robert alitaka msomaji aone jinsi mtu aliyezaliwa chini kabisa anavyopanda kwa juhudi na tabia njema. Siti wa kitabuni anastahimili, anasamehe, anashukuru. Masengenyo ya mji yamewekwa mbali, mambo ya chumbani yamefungiwa humo humo. Karani alilipanga jalada likapangika.

Sasa linganisha miaka. Kama Kidude kweli alizaliwa mnamo 1910, basi yeye na Shaaban Robert walikuwa rika moja. Mmoja alijua siku na mwezi wake, akaandika hata maisha yake mwenyewe. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Mwenzake alikuwa bado ana karibu miaka 51 ya kuishi, na umaarufu wake ulikuwa haujaanza. Hapakuwa na sababu ya karani yeyote kumfungulia jalada, kwa hiyo alilifungua mwenyewe, akawa anabadilisha karatasi kila mgeni anapobisha hodi.

Miguu mitupu, miaka ya 1920 hadi 1940

Kurasa za kwanza za jalada hilo zina mwendo wa kasi. Akiwa na miaka 13 aliozwa asikotaka, akavuka bahari kukimbilia bara. Alifuatana na kundi la taarabu katika miji ya pwani, akapenya ndani hadi nchi za maziwa. Akaolewa tena, ndoa ikamshinda, akatoroka tena, safari hii akitembea nchi nzima bila viatu. Katika miaka ya 1930 yuko Dar es Salaam akiimba na kundi la Kimisri. Katika miaka ya 1940 amerudi Unguja, ana nyumba yake ndogo ya udongo.

Msomaji wa leo hucheka kwenye viatu. Hapo si mahali pa kuchekea. Watu waliokuja kufanya kazi ya mkonge katika mashamba ya Tanga walitoka mbali hadi Unyamwezi, na wengi walikuja kwa miguu. Reli ilikuwepo, nauli ndiyo haikuwepo. Kutembea siku nyingi peku lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyelitungia hadithi. Lililokuwa gumu ni kwa msichana peke yake kuondoka kwa mume na kukubaliwa njiani kama msanii, si kama mke wa mtu aliyepotea. Kama ni kutia shaka, shaka iwekwe hapo. Na hapo pia pana jibu, maana makundi ya ngoma na taarabu yalikuwa na nafasi kwa wanawake wa namna hiyo. Pwani ilikuwa na vyama vya beni vilivyoshindana kwa sare na vyeo vya kijeshi, Marini na Arinoti, na mgeni mwenye sauti au kipaji cha ngoma alipata pa kulala mahali ambapo mgeni mtupu asingefunguliwa mlango.

Kundi la Kimisri ni kisa kingine. Katika maelezo yaliyochapishwa Ulaya lilipewa uzito mkubwa, kana kwamba mafundi wa Cairo walivuka bahari wakamkuta Kidude ufukweni. Ukweli ni kwamba Dar es Salaam palikuwa na klabu ya taarabu iliyojiita Egyptian Musical Club, na wanachama wake walikuwa watu wa Dar es Salaam. Majina ya fahari yalikuwa desturi. Unguja kwenyewe wanawake walikuwa na klabu ya taarabu iliyoitwa Royal Air Force, na haikuwahi kurusha ndege. Ni rahisi kuona jinsi jina la klabu linavyoweza kuvuka bahari likafika ng'ambo likiwa piramidi. Kidude hakuwa na sababu ya kuibomoa.

Hina na msondo, wakati Tanga inawasha umeme

Kwa miaka kama 40 iliyofuata hadithi inatulia, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, ingawa matangazo ya matamasha huipitia kwa sentensi moja. Kidude alirudi Unguja akawa mtu wa kazi. Alipaka bibi harusi hina, alichemsha dawa za mitishamba, na juu ya yote alikuwa kungwi mkubwa wa unyago.

Unyago ulifika Unguja pamoja na watu wa bara, wengi wao wakiletwa utumwani. Ni shule ya mwari kabla ya ndoa, na mafunzo yake huimbwa, huchezwa na huoneshwa kwa vitendo bila kuficha kitu. Mwanamume haingii. Ngoma kuu ni msondo, ngoma ndefu ambayo Kidude aliifunga kiunoni, akaipanda kama mtu aliyepanda punda mkaidi, akaipiga huku akiimba. Wanawake waliopita mikononi mwake ni wengi. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, lakini alikuwa somo wa nusu ya mji, na somo husikilizwa kuliko mama.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa tabia zilizowashangaza wageni. Sigara, bia, maneno ya waziwazi mbele ya wanaume: mwanamke mwingine wa Unguja angelipishwa kwa hayo. Kungwi mzee ana ruhusa ambayo wengine hawana, kwa kuwa kazi yake ni kusema yasiyosemwa. Kidude aliichukua ruhusa ya chumba cha unyago akaitoa barazani, na mji, baada ya kunung'unika, ukamzoea.

Wakati yeye anapiga msondo, taarabu yenyewe ilikuwa inakwenda kwingine. Unguja klabu za wanaume zilikuza okestra: fidla nyingi, kanuni, akodiani, udi, watu wamekaa kwenye viti. Culture Musical Club, iliyoanza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, ilifuata njia hiyo hiyo ya Ikhwani Safaa. Katika safu hizo za viti sauti ya Kidude, iliyojaa mikwaruzo na nguvu ya uwanjani, haikuwa na kiti chake.

Na Tanga ilifanya kinyume kabisa. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club ilipunguza watu jukwaani, ikaweka gitaa la umeme na besi, ikaufupisha wimbo na kuupa mwendo wa kuchezeka. Sauti yake kuu ilikuwa Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani. Kutoka ndani yake ikazaliwa Lucky Star, na mtindo huo ukaenea hadi Mombasa. Tanga haukuwa mji wa kushangazwa na gitaa: Atomic Jazz ilikuwa hapa, Jamhuri Jazz ilikuwa hapa, na mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, ambako walijulikana kama Simba Wanyika. Kijana wa Nguvumali, Makorora au Ngamiani aliweza kusikia taarabu na dansi vikiazimana vyombo bila kuona haya.

Mabadiliko ya Tanga yalimgusa Kidude kwa njia ya kuzunguka. Yalizoesha masikio ya pwani kwamba taarabu inaweza kuwa ya kucheza, na kutoka hapo likaja wimbi la miaka ya 1990, rusha roho, lenye kinanda cha umeme na mipasho. Kila hatua mbele ilimwacha Kidude nyuma zaidi. Kisha, kwa mzunguko ambao hakuna aliyeupanga, nyuma ikawa ndiko wageni wanakokutafuta.

Mkubwa kuliko Shikamoo, 1988–1998

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wauza muziki wa London walikuja pwani na vinasa sauti. Kampuni ya GlobeStyle ilitoa mfululizo wa taarabu ya Unguja, na mwaka 1989 ikatoa santuri ya Black Star na Lucky Star, Nyota. Wakati huo huo Zanzibar ilikuwa imefungua milango kwa watalii baada ya miaka ya ukata, na mtalii akitua hutaka kuoneshwa kitu cha zamani. Kidude alikuwa cha zamani, tena hai, tena mwenye kelele. Alianza kusafiri nje ya nchi katika umri ambao wenzake walikuwa wanasaidiwa kwenda msikitini.

Kipande kinachochekesha zaidi ni Shikamoo Jazz. Ilikuwa bendi ya Dar es Salaam iliyoundwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la HelpAge, ikikusanya wapigaji wakongwe wa dansi waliokuwa wamesahaulika. Jina lenyewe lilimtaka msikilizaji ainamishe kichwa. Mwaka 1995 wazee hao walikwenda Uingereza kwa tamasha la WOMAD pamoja na Bi Kidude, na bendi nzima ya kuamkiwa ikajikuta na mtu wa kumwamkia. Kwa hesabu ya 1910 alikuwa na miaka 85. Kwa hesabu za magazeti mengine alikuwa ameipita 90.

Ikumbukwe kwamba kufikia hapo umri ulikuwa na bei. Tamasha linauza tiketi kwa kusema mwimbaji ana miaka 90 kuliko kwa kusema ana 70. Kidude, aliyekuwa mfanyabiashara wa hina na dawa kwa miaka mingi, alijua soko linapokuwa na njaa. Si lazima alidanganya. Ilitosha aache kusahihisha.

Tuzo, kamera na Ahmada, 2004–2015

Tamasha la Sauti za Busara lilianza 2004, na Kidude akawa uso wake kwa watu wengi. Mwaka uliofuata alikwenda Newcastle, Uingereza, kupokea tuzo ya WOMEX, moja ya heshima kubwa za muziki wa dunia. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya Andy Jones, As Old As My Tongue, ambayo jina lake linakiri mapema kwamba umri wa mhusika utatolewa na ulimi wake. Mwaka 2007 santuri ya nne katika mfululizo wa Zanzibara wa Ufaransa ilikuwa yake.

Umaarufu huo ulikuwa na pande mbili. Huko nje alipangiwa hoteli na kupigiwa makofi watu wakiwa wamesimama. Nyumbani aliendelea kuishi maisha ya kawaida ya Ng'ambo, na watu wakabishana kwa miaka juu ya nani anakula fedha za safari. Wapo pia waliosema aibu: bibi mzima, Mwislamu, jukwaani na sigara. Wengi wa hao hao walimwita unyago ulipofika nyumbani kwao.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwandishi wa wasifu wa heshima angelipanga. Kundi la vijana wa Zanzibar, Offside Trick, lilimwomba aimbe nao katika Ahmada, wimbo wa mapigo ya kisasa wenye kuchezwa disko. Akakubali. Watoto ambao hawakuwahi kumsikia Siti walimjua Kidude kupitia video, akiwa katikati ya vijana waliovaa miwani myeusi, na hakuonekana aliyepotea njia. Muhogo wa Jang'ombe, wimbo wake wa miaka yote, ukapata wasikilizaji wapya walioufuata kutoka huko.

Mwaka 2012 habari zilienea kwamba ametekwa. Mzee aliyekuwa akitoroka waume tangu utotoni sasa ilisemekana amechukuliwa na wapi alipo hapajulikani. Alipatikana akiwa kwa jamaa, mgonjwa, na ugomvi wa nani anamtunza ukaendelea magazetini. Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki Bububu. Alizikwa Kitumba, mazishi yakajaa watu, na siku iliyofuata magazeti yakaandika umri mbalimbali, yote yakipita 100.

Andy Jones alirudi kufuata kisa cha kutekwa na kifo hicho, na filamu yake ya pili, I Shot Bi Kidude, ikatoka 2015. Safari hii wengine ndio waliosimulia, na mwenye habari hakuwepo kuwabadilishia maneno.